Sauti ya Mtu wa Nyuma

Vijana wanaokuja kunihoji kuhusu utunzi wangu huanza na swali lile lile: mwalimu, nyimbo zako ulizitoa wapi? Wanakaa na kalamu tayari, wakingoja niseme ndege wa asubuhi, au upepo katika miombo, au mama akitwanga mahindi. Nikiwaambia kwamba nilizitoa kwenye mgongo wa mtu unaonuka, wanacheka kidogo kwa adabu, halafu wanaandika ndege wa asubuhi. Nimewahi kujisoma gazetini nikiwasifu ndege. Nilikitupa kile kijigazeti jikoni, wakawashia moto.

Na wimbo wangu unaojulikana kuliko zote, ule wa milima na maji ambao watoto wa shule wanauimba wakipunga mikono, ni nusu wimbo. Nusu yenyewe ile mbaya. Ukiimbwa mahali nilipo, naomba ruhusa natoka nje. Watu hudhani ni unyenyekevu.

Kinyaa ndicho kilichonifanya nitunge. Nilizaliwa kijiji cha karibu na Usoke, Mwingereza akiwa ameshaichukua nchi na wazee bado wakimtaja Mjerumani kwa sauti ya chini. Katika shule ya misheni tuliimba kila asubuhi, na kila asubuhi niliumia. Tuni zile zilitoka Ulaya, na maneno ya Kiswahili yakaja kubandikwa juu yake baadaye. Kulikuwa na wimbo mmoja uliosema Mungu ametuumba barabara. Aliyetafsiri alikusudia barabara ya sawasawa, ile inayokazwa kwenye silabi ya pili. Tuni ikakaza ya tatu. Basi tulisimama pale na miguu yetu mitupu tukimshukuru Mungu kwa kutuumba njia ya kupitia magari, na mwalimu anakanyaga kinanda chake kilichojaa mikojo ya panya, anatabasamu. Nilijisikia kama mtu aliyemeza inzi. Tangu siku zile siwezi kuvumilia neno la Kiswahili livunjwe shingo ili lienee kwenye noti. Kazi yangu yote ya utunzi ni hiyo: neno lisimame lilivyozaliwa, noti ndizo zisogee.

Nyumbani kulikuwa na muziki mwingine, na huo ulinuka zaidi.

Baba yangu katika ujana wake alikuwa mpagazi. Kabla reli haijafika Tabora alitembea kwenda pwani na kurudi, akibeba mizigo ile mizito isiyobebwa na mtu mmoja. Mzigo wa namna hiyo unaning'inizwa kwenye mpiko, yaani mti mrefu, mmoja ashike mbele na mwingine nyuma, mti umelala begani. Baba alikuwa mtu wa nyuma siku zote. Mtu wa mbele anaona njia. Mtu wa nyuma anaona mtu wa mbele, basi. Kutoka Tabora hadi baharini, baba yangu aliona mgongo wa mwenzake.

Wimbo wao ulikuwa wa Kinyamwezi, na ulikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni wa mtu wa mbele. Anasimulia anachokiona: naona mlima, naona maji, naona moshi wa Tura, pori limekwisha, nyumbani si mbali. Mtu wa nyuma hana la kusema. Anaitikia tu, mm, kila mguu wa kulia unapokanyaga. Halafu wimbo unakatika. Pananyamaza kabisa. Hapo ndipo wanapobadili bega. Ni lazima wabadili pamoja, kwa pumzi moja, kwa sababu mmoja akiwahi mti unajipinda na kumchuna mwenzake ngozi. Kwa kitambo kile kidogo mzigo hauko kwa mtu yeyote, uko juu ya vichwa. Ukitua bega la pili, anayeanza kuimba ni mtu wa nyuma. Sasa ni zamu yake kusimulia anachokiona, na yule wa mbele ndiye anayeitikia mm.

Na anachokiona si milima. Anaona chunusi, anaona kidonda cha bega kinachotoa usaha, anaona nzi wanaokunywa pale, anaona jasho likikauka likaacha chumvi. Maji ya njiani yakiwa yamewachafua matumbo, anaona kinachotiririka miguuni mwa mwenzake, na anakanyaga hapo hapo, kwa kuwa mti haumruhusu kupinda. Yote yamo ndani ya wimbo, moja moja, kwa tuni tamu ajabu. Mwisho wake unasema: nakuona wewe, sioni kingine, ukianguka, mimi ndiye nitakayejua kwanza.

Niliujua wimbo huo mwilini kabla sijajua noti hata moja. Likizo nilikuwa nikibeba asali na nta pamoja na baba kutoka msituni hadi stesheni, mimi mbele, yeye nyuma kama kawaida yake. Nta ile yenye nyuki waliooza ndani yake ilikuwa ikituvujia. Tukibadili bega, alianza kuuimba mgongo wangu: vipele vyangu, upele wa shingoni, jinsi nilivyokuwa nikijikuna. Nilikuwa kijana wa shule, na nilichukia. Nilitamani ardhi inimeze kila tulipopita watu. Hata hivyo mguu wangu uliitikia wenyewe, na mdomo nao: mm.

Nikasoma, nikawa mwalimu, nikapelekwa mjini Tabora, nikapewa kwaya. Ilikuwa kwaya ya watu waliosoma: makarani wa reli, wauguzi, walimu wenzangu na wake zao. Makoti yao yalinuka naftalini na nywele zao zilinuka mafuta ya nazi. Walipenda tuni zile zile zilizonitesa utotoni. Nilitunga vipande vya ibada, wakaviimba bila kuona tofauti, na kwa miaka kadhaa nilijiona kama mpishi anayewapikia watu wasio na ulimi.

Kisha masikio ya baba yakaanza kufa. La kushoto lilikuwa limekufa zamani, likitoa maji ya njano yaliyomshuka shingoni. La kulia nalo likaanza kufuata. Hospitali walimwekea dawa, wakanikunjia uso, wakaniambia hakuna njia. Nilimtazama nikapata wazo ambalo halikuniachia usingizi. Mtu huyu hajawahi kusikilizwa na yeyote. Ameitikia mm maisha yake yote, kwa Mwarabu, kwa Mjerumani, kwa Mwingereza, kwa padri. Upande wake wa wimbo umesikiwa na mgongo mmoja, kisha na mgongo wangu. Nikataka ausikie ukiimbwa na watu wengi, waliosimama wima, kabla sikio lile halijafungwa. Hilo tu. Sikutaka jina.

Niliuweka wimbo kwa sauti nne, kwa Kiswahili, kila neno na uzito wake. Soprano na tenori ndio mtu wa mbele, alto na besi ndio wa nyuma. Katikati niliacha kimya kile cha kubadili bega, kirefu cha kutosha mtu kuvuta mti juu ya kichwa na kuutua. Niliuandika ubaoni kwa do-re-mi. Walijifunza nusu ya kwanza kwa furaha. Tulipofika nusu ya pili, besi zilinyamaza.

Kiongozi wao alikuwa karani wa stesheni, mtu mnene mwenye leso mbili, moja ya kujifutia jasho na moja ya kuonyesha.

"Mwalimu," alisema, "mimi nina watoto. Siwezi kusimama mbele za watu nikaimba habari za kuhara."

"Si wewe unayehara. Ni mtu wa mbele."

"Hata kama."

"Na hili la usaha?" aliuliza muuguzi mmoja, kana kwamba yeye hajawahi kuuona.

"Tumetoka huko, mwalimu," karani akaendelea. "Babu zetu walibeba, sisi tunaandika. Kuna watu hapa mjini wanatuita wapagazi mpaka leo wakitaka kututukana. Leo wewe unataka tujitukane wenyewe, tena kwa sauti nne?"

Walitikisa vichwa wote. Nilitazama zile leso na zile shingo zilizopakwa poda, nikawaonea kinyaa kikubwa kuliko kile walichokuwa nacho juu ya wimbo wangu. Niliwaambia hivyo hivyo. Nusu yao hawakuja mazoezini juma lililofuata.

Kilichowarudisha ni redio. Habari zilienea kwamba Mzungu mmoja wa redio kutoka Dar es Salaam anapita mikoani na mashine ya kukata sahani za santuri, anakusanya nyimbo, na zitapigwa hewani nchi nzima. Padri alimtajia kwaya yetu. Ghafla karani aliweza kuimba kila kitu. Aliimba kuhara bila kupepesa. Sikuwa na udanganyifu kuhusu sababu yake. Alitaka sauti yake ifike kwa ndugu zake wa Mwanza. Lakini nilizipokea besi nilizozipata, kwa sababu zilikuwa nzuri, na nilimwendea baba Usoke nikampigia kelele sikioni kwamba upande wake utatoka redioni.

"Wa nyuma?" aliuliza.

"Wa nyuma, baba."

Aliniomba nirudie. Nikarudia.

Mzungu alikuja na msaidizi wake, kijana wa mjini mwenye suruali pana. Waliweka mashine katika darasa langu, na mara darasa zima likanuka petroli na dagaa wa kopo. Mzungu alikuwa akila dagaa hao kwa vidole akijifuta kwenye paja. Sahani zake nyingi alikuwa amezimaliza kwa wacheza ngoma ya nyoka huko Puge. Alibakiwa na moja, na treni ya jioni ilikuwa ikimngoja. Msaidizi alinipa sharti: nyamazeni mpaka Bwana ainue kidole, kisha imbeni, na wimbo ukiisha, mwalimu shusha mikono, Bwana atainua sindano.

Nilimwambia kwamba katikati kuna kimya, na kwamba katika kimya hicho mkono wangu utashuka kutoka bega la kulia na kuhamia la kushoto, na sindano isiguswe. Nilimwambia kwa Kiswahili, akasema sawa, mwalimu. Nikamwendea Mzungu mwenyewe nikamweleza kwa Kiingereza, taratibu, kama ninavyowaeleza watoto hesabu. Alitikisa kichwa kukubali huku akimfukuza inzi aliyekuwa anataka kopo lake.

Tuliimba. Sitasema walivyoimba, maana bado naona uchungu kusema kwamba waliimba vizuri. Mlima, maji, moshi wa Tura. Mm ya besi ilikuwa nzito na ya pamoja, na miguu yao ilikuwa ikikanyaga bila mimi kuwaambia. Ikafika pale. Wakanyamaza wote. Nikashusha mkono kutoka bega la kulia.

Mzungu akainua sindano.

"Mzuri sana!" alisema, akapiga makofi na vidole vyake vya mafuta.

Alto na besi walikuwa wameshavuta pumzi, vinywa wazi. Wa kwanza kufunga kinywa alikuwa karani. Wa kwanza kupiga makofi pamoja na Mzungu alikuwa karani.

"Haujaisha," nilisema.

"Mwalimu, umeshusha mkono," alisema msaidizi.

"Si nilikuambieni nitashusha?"

Mzungu alitazama saa yake, akasema kitu, na msaidizi akanitafsiria ingawa nilikuwa nimesikia: Bwana anasema unapendeza hivyo hivyo, mfupi, una mandhari. Nikamwuliza kama kuna sahani nyingine. Hakuna. Karani alinishika bega kwa huruma ya uongo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapa Mungu ametusaidia."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya darasa. Sisemi kwa mfano. Kwaya ilidhani ni joto, na wale wake wa walimu waliniletea maji kwenye kikombe chenye alama ya midomo ya mtu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Usoke kumwambia baba. Nilimsalimu, nikainama kwenye sikio la kulia.

"Baba, wamekata!"

"Wamepata?" Uso wake ulifunguka wote. "Vizuri sana."

"Hapana. Wamekata! Wamekata wimbo!"

"Wamepata wimbo," aliwatangazia majirani waliokuwa wamekusanyika, na wakashangilia. Nilipiga kelele tena, na tena, mpaka sauti ikanikauka, na yeye akanipigapiga mgongoni akifurahia jinsi nilivyofurahi. Hata wale waliokuwa na masikio mazima waliona afadhali kusikia alichosikia yeye. Usaha ulikuwa ukimtoka sikioni na yeye anacheka.

Siku ya redio tulikwenda kwenye duka la Mwarabu karibu na stesheni, ndiye peke yake aliyekuwa na redio ya betri. Ndani palinuka ngozi mbichi na samaki wa Kigoma. Walimweka baba kwenye gunia la chumvi, sikio la kulia karibu kabisa na kipaza sauti. Mtangazaji alisema kwaya ya Tabora, akataja milima. Wimbo ukaanza.

Baba alisikia. Nilimwona anasikia. Mguu wake wa kulia ulianza, na kila ulipokanyaga alisema mm pamoja na besi. Mlima, mm. Maji, mm. Moshi wa Tura, mm. Pakaja kimya. Akiwa amekaa pale kwenye gunia, mzee yule aliinua mkono wa kulia juu ya kichwa, akainamisha shingo, akabadili bega. Kisha akavuta pumzi, akafungua kinywa na kuanza upande wake, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia ukubwa wa sauti yake: chunusi, kidonda, usaha.

Redioni mtangazaji alikuwa ameshaanza kusoma bei ya ngozi za ng'ombe.

Watu walicheka. Mwarabu alicheka mpaka akashika meza. Baba aliendelea kidogo, akipishana na bei, kisha akageuka akatazama nyuso. Akanitazama mimi mwisho.

"Ulisema wamekata," alisema.

"Ndiyo, baba," nilimpigia kelele sikioni.

"Pale pa kubadili bega?"

"Pale pale."

Alijifuta shingo kwa kiganja. "Basi wamemwacha mtu wa nyuma na mti juu ya kichwa," alisema, akainuka.

Wakati huo mimi nilikuwa nikishikwa mikono kila upande. Wimbo mtamu, mwalimu! Hongera, mwalimu! Nchi yetu ilivyo nzuri! Mwarabu alinipa kashata bure. Niliitupa nje mbele yake, mbwa akainusa akaiacha.

Tulirudi nyumbani kwa njia nyembamba ya mashambani, na kwa kuwa baba alitoka kwanza na mimi nilicheleweshwa na zile pongezi, yeye alikuwa mbele. Sikumbuki kama niliwahi kutembea nyuma yake. Shati lake lilikuwa limeshikamana na mgongo. Maji ya sikio la kushoto yalikuwa yameshuka hadi kwenye kola na kukauka, yakashuka tena, na nzi wawili walikuwa wakihama kutoka kola kwenda sikioni na kurudi. Alinuka uzee, nta na ugonjwa.

"Imba basi," alisema bila kugeuka.

Nikaimba. Kwake kuimba kwa kawaida kulikuwa sawa na kimya, kwa hiyo ilinibidi nipige kelele. Wanawake waliokuwa wakitoka kanisani, Biblia mkononi na vitambaa vyeupe kichwani, walitukuta mwalimu mzima wa misheni akipaza sauti ya kuhara na vidonda nyuma ya baba yake. Mmoja wao, mzee wa rika la mama, alinisimamisha kwa macho.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Hakuitikia. Alitema mate pembeni, akavuta mwenzake wakapita majanini ili wasituguse.

"Sauti zaidi," baba alisema.

Niliongeza sauti. Niliimba nzi wale wawili, niliimba kola, niliimba sikio lenyewe ambalo halikuwamo katika wimbo wa zamani, kwa maneno niliyoyatunga pale pale, na kila neno lilisimama lilivyozaliwa. Nilisikia kinyaa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Mbele yangu mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga, na kila ulipokanyaga alisema mm.

Nakuona wewe, nikaimba. Sioni kingine. Ukianguka, mimi ndiye nitakayejua kwanza.

"Mm," alisema baba.